Masizi ya Ndege ya Baba

Baba alikataa kupasuliwa macho mpaka nimalize ndege. Ndivyo alivyosema, na Baba akishasema, amesema. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata ng'ombe wake alikuwa anawatambua kwa kuwapapasa pembe. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya Longisa, na asipokwenda safari hiyo, nani alijua wangerudi lini?

Ndege yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya kuunganisha kipande kwa kipande. Injinia mmoja wa kiwanda cha chai nilichofanyia kazi, nje ya Kericho, alikuwa anahama, akanipa boksi nimpelekee mtoto. Mtoto gani? Picha ya juu ilinitosha kujua ni ya nani. Ilikuwa ndege ya kivita ya injini mbili, aina ileile aliyoihudumia Baba miaka yake yote ya ufundi jeshini, kabla hajastaafu akarudi kwa chai yake na ng'ombe wake.

Aliniitia zizini, mimi peke yangu, akaniambia masharti. "Wataanza na jicho moja. Wakinifungua bandeji nataka kuona hiyo ndege kwanza. Na usiniletee mpya ya maonyesho. Niletee ile yangu, chafu. Nikiona moshi nyuma ya injini na oili chini ya tumbo, nitajua jicho limerudi. Nisipoona, hilo lingine hakuna mtu ataligusa."

Jamani! Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu nizaliwe. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama umefungika. Sasa mtu kama mimi anapewa macho ya babake ayabebe ndani ya boksi la plastiki!

Kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa naye barazani, gundi mkononi. Kipande kimoja kikidondoka nyasini nilitambaa kukitafuta huku nikijitukana. Nilipogundisha mwili wote, nikiwa na furaha kidogo, Baba akaupitisha kwenye vidole vyake.

"Uliweka uzito kwa pua?"

"Uzito wa nini?"

"Kijana, hii bila uzito itakaa matako."

Niliisimamisha mezani. Kweli ikakaa matako, pua juu. Ilibidi niipasue tena kwa kisu, nijaze nati ndogo ndogo puani, nifunge upya, na kisu kikaniteleza nikajikata. Baba alisikia nikifyonza kidole, akasema tu nisipake damu kwa bawa.

Rangi ya kijivu niliipaka kwa kipande cha godoro. Uchafu ndio ulionitesa. Kwetu maziwa ya mursik huwekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na Mama huusaga mkaa huo laini kabisa. Nilichota kidogo, nikaupaka nyuma ya injini kwa brashi kavu. Baba akawa ananiongoza bila kuona.

"Vuta nyuma, usizungushe. Uchafu unafuata upepo. Kwani ndege yako inaruka kando?"

Kwa oili nilichemsha majani ya chai mpaka maji yakawa mazito meusi, nikayadondosha tumboni yakachirizika. Baba akanusa.

"Hiyo ni chai."

"Ni oili, Baba."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yafifie, na badala ya kufurahi nikaogopa zaidi. Vanishi ya kuushika uchafu usitoke sikupaka. Ile ya dukani ilikuwa ya viti, ingeing'arisha. Nikajiambia, nani ataigusa?

Jicho la kwanza likapasuliwa, na siku ya kufunguliwa bandeji nilitoka zamu kiwandani nikaenda moja kwa moja hospitali. Mama alitangulia na ndege ndani ya kiondo, ameifunga kwa leso. Nesi akafungua bandeji taratibu, akamvalisha Baba miwani mizito. Baba akapepesa jicho, akanyoosha mkono. "Leteni."

Mama akafungua leso. Ndege ilikuwa inang'aa! Alikuwa ameiosha kwa maji na sabuni, akaikausha na kitambaa. Nilielewa palepale. Kwa Mama, mkaa wa senetwet ni wa ndani ya kibuyu. Ukionekana nje, umemwagika, na mke mwenye heshima anapangusa kabla wageni hawajaona.

Baba aliigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza karibu na miwani. "Sioni moshi," akasema. "Sioni oili." Akaiweka kitandani.

"Baba, si macho, ni Mama ameiosha!"

"Usinidanganye kwa huruma."

"Haki ya Mungu! Mama, mwambie!"

"Niliosha," Mama akasema, akituangalia mmoja mmoja. "Nitaletaje kitu kichafu hospitali? Watu waseme nini?"

"Hata wewe umeanza kunidanganya," Baba akamwambia, akageukia ukuta.

Nilitaka kulia. Nilimkasirikia Mama, nikajikasirikia mimi, nikaikasirikia vanishi ya viti. Kila nililotaka kusema nililiona litasikika kama la kumbembeleza mgonjwa. Chozi lilikuwa linamtoka Baba chini ya miwani, na Mama, asiyejua hata kosa lake, akainama na ncha ya leso kumpangusa.

Baba akamshika mkono. Nilidhani anamsukuma. Aliuvuta karibu, akauinamisha upande wa dirisha, akavitazama vidole kimoja baada ya kingine.

"Mama," akasema polepole, "na hii nyeusi ndani ya kucha ni nini?"

Mama akauchomoa mkono, akauficha chini ya leso kwa aibu. "Nilisugua sana," akasema. "Ilikataa kutoka."

Baba alikuwa ameshamgeukia nesi, anamwuliza hilo jicho lingine ni lini.