Mkono wa Deolinda

Custodio alikuwa kinyozi wa watoto wasio na kitu, na mimi ndiye niliyemdhulumu mwanawe. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na sifa zake nitazunguka zunguka mpaka mnisahau, na katika habari hii sitaki kusahauliwa. Jina langu Gaudensi. Nilikuwa bwana shamba pale Ziwani, mtu wa Umatengo, nimeletwa Mtwara na serikali kuwafundisha watu kupanda mikorosho kwa mistari. Nilipofika nikakuta wanaijua mikorosho kuliko mimi, lakini mshahara ulikuwa wangu, basi nikajitia kujua.

Custodio alivuka Ruvuma mwaka sitini na tano, vita ya Mreno imepamba moto kwao. Alikuja na mkewe, Beatriz, na binti mdogo mabegani, na sanduku la bati lenye mikasi, wembe na jiwe la kunolea. Unyozi aliujifunza kwenye mashamba ya mkonge huko ng'ambo. Beatriz akafa kwa homa kabla hata hawajavuna mihogo yao ya kwanza, akabaki yeye na huyo binti, Deolinda. Kiswahili chake kilichanganyika na Kimakonde na vipande vya Kireno, na sisi hatukumwonea huruma, tulimtania kutwa. Na yeye alicheka pamoja nasi, tena kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Sasa hii habari ya shule. Kila Januari Mwalimu Yohana, mkuu wa shule yetu, alikuwa akirudisha watoto nyumbani siku ya kwanza. Huyu hana sare, huyu kichwa kimejaa mapunye, huyu hana jembe, na enzi hizo mtoto bila jembe shuleni ni nusu mtoto. Waliorudishwa walikuwa ni wale wale kila mwaka, watoto wa wajane, wa wagonjwa, wa waliokuja kutoka ng'ambo. Wengi wao hawakurudi tena. Mwishoni mwa mwaka sitini na nane Custodio akaniambia, bwana shamba, hivi sisi akina baba tunakaa tu tunatazama? Wazo lilikuwa lake. Watu baadaye walinisifu mimi, nami nikanyamaza nikazipokea hizo sifa. Hilo nalo liandikeni.

Tukawa wanne. Shabani, fundi cherehani, alishona sare kwa kugeuza nguo kuukuu za watu wazima na magunia ya unga ya kitambaa. Josephu seremala alichonga mipini midogo ya majembe, inayolingana na mikono ya watoto. Custodio alinyoa. Mimi nilizunguka kwa wenye maduka na kwa padri kuomba vitambaa na vyuma vya majembe, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, Mwalimu Yohana akanikabidhi karatasi ya majina. Kila Jumamosi tulikaa kwenye kibaraza cha ghala la ushirika. Akina mama wakipita walitucheka, wanaume wazima wanabishana juu ya kola ya gauni. Ilikuwa raha, msinielewe vibaya. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na ndani ya kazi hiyo hiyo ndimo nilimoharibu.

Mke wangu Theresia na mimi tulikuwa na binti, Veronika. Alikuwa hajatimiza hata miaka sita. Mwezi wa kumi na moja tulikwenda mjini, Shangani, kuwatembelea jamaa zetu wa ofisi ya mkoa. Watoto wao, rika la Veronika, walikuwa wamekwisha kuandikishwa, wanaimba a, e, i, o, u sebuleni, na mama zao wanatabasamu. Veronika akakaa anawatazama na kidole mdomoni. Njiani kurudi moyo ulinichoma. Kijicho tu, hakuna jina jingine.

Enzi zile vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo. Mtoto alipimwa kwa mkono. Anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la kushoto amefika, anaandikwa. Visipogusa, arudi mwakani. Na nafasi za darasa la kwanza zilikuwa arobaini na tano. Mwalimu Yohana alinikazia macho akasema arobaini na tano, Gaudensi, usiniletee hata mmoja wa ziada, sina pa kumkalisha.

Mkono wa Veronika haukufika. Ulipungua vidole viwili. Basi mimi, mtu mzima, mtumishi wa serikali, nikamfundisha mwanangu jikoni kwa siku tatu jinsi ya kuinamisha shingo kidogo na kupandisha bega, sikio lifuate kidole badala ya kidole kufuata sikio. Siku yenyewe akafanya kama nilivyomfundisha, namba kumi na mbili, watu wanaona. Mama mmoja nyuma akaguna. Mtoto wa bwana shamba, nani atasema?

Tukaendelea. Custodio alikuwa pembeni ananyoa waliokwisha kuandikwa, maji kwenye karai, sabuni ya mche, vichwa vinang'aa kimoja baada ya kingine. Yeye mwenyewe alimweka Deolinda mwisho kabisa wa mstari. Alisema wenyeji watangulie, sisi tumepokelewa hapa, tusiwasukume. Nilipofika arobaini na tano, mstarini amebaki Deolinda peke yake.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ningeweza kusema karatasi imejaa. Ingekuwa kweli. Lakini yule mama aliyeguna alikuwa bado amesimama pale, na ningesema imejaa angetaka majina yasomwe, na yakisomwa wangefika namba kumi na mbili, na wangemwita Veronika apime tena shingo wima. Nikaona heri kosa liwe la mkono wa Deolinda. Alikuwa na miaka minane. Akapitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikalifunika sikio lote, vikashuka mpaka kwenye taya. Watoto walikuwa wamemzunguka.

"Bado," nikamwambia. "Rudi mwakani."

Akaushusha mkono akautazama, mbele na nyuma. Watoto wakamcheka. Custodio alikuwa ametupa mgongo, anasuuza wembe, hakuona. Alisikia tu jibu langu. Akasema mwakani si mbali, akamwambia bintiye akachote maji mengine. Mtoto akachukua ndoo akaenda. Yule mama naye akaondoka zake, na mimi nikapumua, mpumbavu mkubwa.

Zamu ya Veronika kunyolewa ikafika. Akaketi juu ya sanduku la bati, anapenda maneno huyo tangu mdogo, akaanza kumpigia Custodio soga. Nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa nikamsikia anasema, "Deolinda hakuinamisha shingo. Mimi baba alinifundisha kuinamisha."

Mkono wa Custodio ukasimama. Akanitazama juu ya kichwa cha mwanangu. Mimi nikainamia karatasi nikajifanya naandika, na hakuna nilichoandika. Nilingoja matusi. Nilingoja anitaje mbele ya Shabani na Josephu. Akachovya wembe kwenye maji, akamalizia nusu iliyobaki, taratibu, hakumkwangua hata kidogo. Akampaka mafuta ya nazi. Akamwambia, usome sana, mama.

Na mtoto hakusoma. Ndiyo adhabu ilivyo, haina adabu. Veronika alikuwa mdogo mno, alilala darasani, alilia, alijikojolea, mwisho wa mwaka Mwalimu Yohana akasema arudie darasa la kwanza. Yaani nafasi niliyomnyang'anya mwenzake ilikaa bure mwaka mzima.

Huku Deolinda nilimwona kisimani, zaidi ya mara moja. Ndoo ameitua, anauvuta mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaunyoosha. Mara ya kwanza sikuelewa. Nilipoelewa niligeuza baiskeli, nikapita njia nyingine, na njia hiyo nyingine nikaifanya yangu miaka yote.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimejiandaa. Jina lake nililiandika la kwanza kabla karatasi haijafika kibarazani, na Shabani nilimwomba amshonee gauni kwa kitambaa kipya, siyo gunia. Jumamosi ya kupima Deolinda hakuja. Custodio akasema hataki, ameogopa kuchekwa. Nikaacha kila kitu nikaenda mwenyewe. Nikamkuta shambani kwao, amejificha katikati ya mihogo, naona kitambaa chake tu. Nikamwambia hutapimwa mwaka huu, njoo tu, nimekwisha kukuandika. Akanijibu bila kutoka humo kwamba mkono wake mfupi, na watoto wote wanajua. Nikasimama pale na kofia yangu ya serikali kichwani. Ukweli ulikuwa mdomoni, maneno matatu tu, na sikuyasema. Niliogopa nini? Niliogopa kazi yangu, na jina langu, na Theresia ambaye mpaka leo hajui kuhusu zile siku tatu za jikoni.

Mwaka wa tatu Mwalimu Yohana mwenyewe akasema amepitiliza, mtoto wa miaka kumi atamweka wapi na wadogo wamejaa. Gauni likavaliwa na mwingine. Nilikwenda kuungama kwa padri. Akasema rudisha ulichochukua. Padri mtu mwema, lakini darasa la kwanza unalirudishaje? Nikampelekea Custodio mbegu, miche ya mikorosho, dume la mbuzi. Alipokea, alishukuru. Elimu ya watu wazima ilipoingia kijijini alijiandikisha, akajifunza kuandika jina lake. Deolinda alibaki nyumbani kupika.

Na kila Januari, miaka sita, Custodio aliketi kwenye kibaraza kile ananyoa watoto wa wenzake. Hakukosa hata mara moja. Alinisalimu, alinitania, alinigawia tumbaku yake. Angenitukana ningepona. Nilianza hata kumchukia, kusema kweli, kwa huo wema wake, kama vile yeye ndiye mwenye deni kwangu. Mtu akikosa anakuwa na akili za ajabu.

Mwaka sabini na tano Msumbiji ikapata uhuru. Waliotoka ng'ambo wakaanza kujiandikisha kurudi kwao, na kwenye ofisi ya kijiji mwenye kujaza fomu nikawa ni mimi tena. Custodio akaja asubuhi, amevaa shati jeupe, na Deolinda nyuma yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kumpita baba yake, mikono mirefu kama ya mwanariadha. Akanipa shikamoo, baba Veronika. Custodio akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, ulimi umetoka nje, akaridhika nalo. Nikamsogezea Deolinda kalamu kwa mazoea tu. Hakuishika. Akanyoosha dole gumba.

Nilimshika dole lile nikalikandamiza kwenye wino, nikalikandamiza kwenye karatasi, na hapo nikavunjika. Nikasema, "Custodio, mimi nina neno na mwanao, kabla hamjavuka."

Akatikisa kichwa. Alielewa palepale. "Acha, bwana shamba," akasema. "Yalikwisha."

Ilinipasa kumsikiliza. Miaka yote ile nilikuwa sijamsikiliza mtu huyu, na sasa ananiomba jambo moja. Lakini nilikuwa nataka kupumua, mimi, kabla hawajaondoka na mzigo wangu ukabaki na mimi. Nikawaza roho yangu, sikuwaza ya mtoto. Nikamgeukia Deolinda nikamweleza yote, jikoni, shingo, namba kumi na mbili, yule mama aliyeguna, yote. Machozi yananitoka, na ndani yangu, Mungu anisamehe, ninaona nafuu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akauliza neno moja tu.

"Kwa hiyo nilifika?"

"Ulifika," nikamwambia. "Ulifika hata ukapita."

Nikaona uso wake unageuka, na haukugeukia kwangu. Lile neno la baba yake lilikuwa limemwingia. Yalikwisha. Mtu hasemi yalikwisha kwa jambo asilolijua.

"Baba," akasema, "na wewe ulijua?"

Custodio alitazama mikono yake. Angeweza kukana, nami ningemuunga mkono, nilikuwa tayari hata kuapa. Lakini hakuwa mtu wa hivyo. Akasema alijua siku ile ile. Akasema, sisi tulikuwa wageni, mwanangu, na huyu ndiye aliyekuwa na karatasi. Mwaka uliofuata ulipokataa kwenda, nilisema nisikutie chuki.

Deolinda akafuta wino wa dole lake kwenye kanga, akatoka. Hawakurudi pamoja. Mimi nilisimama mlangoni nikawaona, yeye mbele, baba yake nyuma mbali, anamwita kwa Kimakonde, na mtoto hageuki. Tangu nilipowafahamu sikuwahi kuwaona wale wawili wanatembea hivyo. Siku tatu baadaye lori liliwachukua kwenda mtoni, na walioniletea habari walisema binti alipanda mbele kwa dereva, baba akakaa nyuma na mizigo.