Kistari Mahali pa Lugha Yetu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kitabu cha chuo kinacholinganisha maneno ya lugha za huku kwenye msitu wa Mau, ili kujua watu wa kale walisemaje. Mahali pa lugha yetu palikuwa na kistari tu.

Nikanusa tena mkaa ambao nyanya yangu alisugulia kibuyu cha maziwa, alasiri ile mzungu alipokuja na daftari, akitaka nimtafsirie maneno ya nyanya. Nilivyojua mimi mtoto, aliyeandikwa kwenye daftari alipakiwa kwenye lori la serikali, hakurudi.

"Nyanya hana lugha yake, bwana," nikadanganya. "Anaongea ya majirani."

"Anataka nini?" nyanya aliuliza.

"Maji," nikadanganya tena.

Akamletea, akayataja kwa lugha yetu, polepole, mara mbili. Daftari lilikuwa limeshafungwa. Neno lenyewe silikumbuki.