Simbilisi wa Shangazi Nyangi

Ninyi wenzangu mliokula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano uliokuwa ukinuka gunia hata baada ya kuiva, mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu ulikuwa na njaa yake na utamu wake. Nazungumzia kijiji chetu cha ujamaa upande wa Itiryo, huku Tarime, mwaka ule wa Operesheni Vijiji na miaka iliyofuata. Tulikuwa tumetolewa kwenye maboma yetu yaliyotawanyika vilimani, tukapangwa kando ya barabara nyumba kwa nyumba, kama wanafunzi mstarini. Asubuhi inagongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye ofisi ya kijiji. Watu wazima wanakwenda shamba la kijiji, sisi tunakwenda shule na jembe begani. Tulipalilia mahindi ya shule kwanza, kisha tukaingia darasani miguu imelowa umande, tope limejaa katikati ya vidole. Wajukuu zangu leo wakitumwa kufagia uwanja wanauliza fagio liko wapi, nalo wameliegemea.

Jioni ilikuwa michezo ya rede na mdako na kombolela, mpaka harufu ya mgagani uliopikwa na maziwa itoke jikoni, na mama aanze kutuita. Akikuita kwa jina lako tu, una muda. Akiongeza jina la baba yako, kimbia.

Baba yangu, Chacha, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye kijumba cha udongo, aliishi dada yake mkubwa, Shangazi Nyangi. Aliwahi kuolewa, hakupata mtoto, ng'ombe wa mahari wakarudi kwa mumewe na yeye akarudi kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Ndiye aliyembeba baba mgongoni alipokuwa mchanga. Kijiji kizima kilimwita baba "Ndugu Balozi". Shangazi peke yake ndiye aliyemwita "Chacha", hata mbele ya wageni wa chama.

Simbilisi waliletwa na Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe, kwa Wabena, aliyepangiwa shule yetu. Kwao wanyama hao hufugwa jikoni, na huliwa. Sisi Wakurya, watu wa ng'ombe, tulicheka hadi tukalia. Mwalimu anafuga panya! Panya wenyewe hawana mkia! Lakini sisi watoto tulikwenda kuwachungulia kila saa ya mapumziko kwenye stoo ya shule alimowafuga. Walikuwa wa kila rangi, wengine madoadoa kama ndama. Ukikata tu nyasi nje ya mlango, walilia "wii, wii, wii" wote kwa pamoja, kama filimbi za harusi.

Kisha Mwalimu Sanga akahamishwa ghafla, akapakiwa kwenye lori pamoja na godoro lake, na simbilisi wakabaki stoo. Hakuna aliyewajali. Mbolea ya kijiji ilipofika na stoo ikatakiwa, kamati ya shule ikaona njia rahisi: mlango ufunguliwe, mbwa waitwe.

Nakumbuka kelele zile. Nakumbuka mbwa wakisukumana mlangoni, na wanafunzi wakubwa wakishangilia kana kwamba ni mpira wa miguu. Shangazi Nyangi alikuwa akipita na kapu lake la nguo na ndoo akitoka mtoni. Akatupa nguo alizokuwa amefua, akaingia katikati ya mbwa na kuanza kuwapiga kwa ile ndoo.

"Nyie watoto mnatazama nini?" alitupigia kelele. "Shikeni! Shikeni hao wa pembeni!"

Tukashika. Tulirudi nyumbani na kapu limejaa simbilisi waliokuwa wakitetemeka, wengine masikio yamechanika, mmoja jicho limetoka. Mama aliangalia ndani ya kapu, akamwangalia wifi yake, kisha akaingia ndani akaleta samli bila kuulizwa.

Siku zilizofuata kijumba cha Shangazi kiligeuka zahanati. Vidonda alivipaka samli. Wenye upele aliwaosha kwa maji ya majani ya utupa, yale tuliyotumia kwa kupe wa ng'ombe, akiyazimua sana ili wasidhurike. Sisi tulipewa kazi ya majani: majani ya mahindi, matembele, nyasi laini za kando ya kijito, lakini si zenye umande, maana alisema zinawavimbisha matumbo. Yule wa jicho alimlisha uji wa wimbi kwa kidole, akimwimbia kwa Kikurya kama mtoto wa kumzaa. Alipona. Tulimwita Mwalimu.

Walipopona wakaanza kuzaana, na kijumba kikawa kidogo. Hapo ndipo Shangazi alipoanza kuwatafutia makazi. Hakumpa kila aliyeomba. Alikwenda kwanza kwako, akaketi jikoni, akatazama moshi unatokea wapi, paka analala wapi, watoto wana mikono ya namna gani. Na hakuwahi kumtoa mmoja. "Huyu akikaa peke yake hanyamazi tu," alisema, "anakufa. Chukua wawili au niache niende." Aliyemla mmoja, Shangazi hakumsalimia tena.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili nililielewa nikiwa mtu mzima. Karibu wote waliowachukua walikuwa wanawake wapweke: bibi ambaye wanawe walibaki kijiji kingine wakati wa kuhamishwa, mama aliyezika watoto wake pacha, mke mdogo asiyejua lugha yetu. Waliachiwa simbilisi wawili chini ya kitanda au kando ya mafiga, na Shangazi akawa anapita kuwajulia hali wote, mnyama na mwenye nyumba. Jikoni ambamo hamkuwa na sauti mkawa na sauti. Hata mwanamke mmoja mjane aitwaye Sabina, Mnata wa kijiji cha Nata, ng'ambo ya Mto Mara, aliyekuwa amekuja kumuuguza ndugu yake kijijini kwetu, aliondoka na wawili ndani ya kikapu. Wakawa marafiki. Kila lori lililotoka Mugumu, mji wa upande wao, lilileta salamu.

Baba hakupenda. Watu walimtania kwenye pombe: "Ndugu Balozi, dada yako anafuga mboga ya Wabena?" Alicheka nao, lakini akirudi nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha.

Halafu mtoto wa jirani yetu akafa kwa homa kali. Alikuwa akicheza nasi kombolela juzi yake tu. Msiba haujaisha, neno likaanza kuzunguka kwamba ni panya wa Nyangi walioleta ugonjwa. Nani alilianza sijui. Mwenyekiti aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, na ikaamuliwa kwamba simbilisi wote wa kijiji wachomwe, na kila balozi asimamie nyumba zake.

Jioni hiyo wanawake walianza kuja kwetu kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja alikuwa na kitu chini ya kanga. Yule bibi aliyeachwa na wanawe alikuwa akilia waziwazi.

"Nyangi, wapeleke mbali," alisema. "Mimi nimezoea kuhamishwa. Hawa je?"

Asubuhi mgambo walikuwa wamesimama uani, na majirani nyuma yao. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni pake, makapu mawili pembeni. Baba alisimama mbele yake. Alikuwa amevaa shati lake la mikutano.

"Dada, wape hao panya."

"Chacha, yule mtoto wa jirani nilimlilia kama ulivyomlilia wewe. Lakini mlete bwana afya kwanza aseme. Akisema ni hawa, nitawasha moto mwenyewe."

"Mkutano umeshaamua."

"Mkutano si daktari."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka. Nadhani ni kicheko kile kilichomwingia baba. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Basi chagua! Hao panya, au boma hili. Mimi siwezi kudharauliwa hapa na mwanamke aliyerudishwa."

Hata mgambo walitazama chini. Neno lile, aliyerudishwa, hakuna mtu kwetu aliyewahi kulitamka mbele yake, wala mama alipokuwa na hasira, wala mlevi yeyote.

Shangazi alisimama taratibu. Alifunga kanga yake kiunoni, akatwika kapu moja kichwani, jingine akalishika mkononi.

"Ningekuwa na mwana," alimwambia baba, "usingenipa uchaguzi huo." Akatugeukia sisi watoto. "Kaeni vizuri. Msipigane."

Akapita katikati ya watu, na hakuna aliyemzuia. Alipata lori la ushirika mpaka Nyamongo, akavuka Mto Mara kwa mtumbwi, akaenda kwa Sabina. Hayo tuliyajua baadaye.

Bwana afya alifika kutoka Tarime siku chache baadaye. Aliwauliza wazazi wa marehemu maswali, akakagua nyumba, akasema mtoto alikufa kwa malaria; simbilisi hawakuwa na kosa. Alisema hivyo na kuaga, maana alikuwa na vijiji vingine. Baba alibaki amekaa kwenye kigoda mpaka kuku wakaingia ndani kulala. Hakula.

Alimtuma kaka yangu Marwa ng'ambo na ujumbe: "Mwambie shangazi yako arudi." Marwa alirudi na jibu fupi: "Mwambie nimesikia." Baba akauliza, hakusema kingine? Hakusema. Akauliza tena kesho yake.

Mama alimwambia, na haya ndiyo maneno yake ninayowapa wanangu mpaka leo: "Neno lililotoka mdomoni mwako halifuatwi na miguu ya mtoto. Nenda mwenyewe."

Baba akasema atakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno akasema mto umejaa. Mto ulipopungua kukawa na mkutano. Hivyo ndivyo miaka inavyopita, jamani. Haipiti kwa kishindo. Vita vikaja vikaisha, sukari ikapotea madukani ikarudi, nyumba za mstari zikaanza kubomolewa na watu wakarudi vilimani kwao mmoja mmoja. Kijumba cha nyuma kilianguka ukuta. Baba aliujenga upya kwa mikono yake, akaezeka nyasi mpya, na hakumruhusu mtu kulala humo.

Alikuwa mzee anayetembea kwa fimbo aliponiambia, "Robi, nisindikize Nata." Mimi nilikuwa nimeolewa, nina watoto. Tulikwenda. Njia nzima alikuwa akijizoeza maneno. Nilikuwa nikiona midomo yake inacheza.

Tulimkuta Shangazi ameketi nje ya jiko la Sabina, akichambua kunde kwa vidole, maana macho yalikuwa yameshafifia. Watoto wa boma lile walimwita Bibi. Nilisema shikamoo, akaitikia, akauliza mimi ni nani. Baba alikohoa tu, kikohozi kidogo cha mtu anayetaka kuanza kusema.

Mikono ya Shangazi ikasimama.

"Chacha," alisema. "Umechelewa. Umekula?"

Maneno yote aliyojizoeza yakamwishia. Alikaa chini, chini kabisa kwenye vumbi, mzee mzima, na alilia kama mtoto. Shangazi alinyoosha mkono akatafuta kichwa chake mpaka akakipata. Sabina akaleta ugali.

Baadaye, baba alipopata sauti, alisema, "Dada, turudi. Nyumba yako ipo."

"Haipo, Chacha. Usinihutubie, mimi si mkutano." Mabega yake yakatikisika, akicheka. "Ungekuja mwaka ule, ningekuja hata bila viatu. Nilikaa nikitazama njia. Sasa hawa ndio wananijua nikikohoa. Nikiondoka hapa nitakuwa mgeni tena, na mimi ugeni nimechoka."

Tulilala kwake, tukarudi wawili kama tulivyokwenda. Alifariki masika yaliyofuata. Habari zilitufikia ameshazikwa, kwa kuwa mto ulikuwa umefurika na hakuna aliyeweza kuvuka. Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Hatukugombana tena mbele yake, maana tukipandishiana sauti tu alikuwa akitoka nje na kusimama nyuma ya nyumba.

Enzi zile, ili upatane na mtu ilikubidi utafute lori, usubiri mtumbwi, ulale njiani, ufike na vumbi usoni. Na wengi, kama baba, tulishindwa na safari. Leo vijana wana simu mfukoni. Wanagombana asubuhi, wanatumiana picha za kucheka mchana, jioni wamesahau waligombea nini. Tunawacheka kwamba hawana msimamo. Mimi siku hizi siwacheki sana. Msimamo wetu niliuona ulipotufikisha.

Mwaka jana nilichukua bodaboda kutoka Nyamongo kwenda Nata kuzuru kaburi. Kijana aliniendesha vizuri, akaniuliza njiani, "Bibi, unaenda kumwona nani huko?"

"Shangazi yangu," nilimjibu.

"Bado yupo? Una bahati," alisema. "Atafurahi sana."

Nikamwambia aendeshe taratibu, njia ina mawe.