Nadhiri ya Masufuria Mawili

Kalamu siiwezi sana, lakini habari ya Salma naiandika mwenyewe, maana Kariakoo nzima inaisema upande mmoja.

Salma ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu, Mbaruku, alituachia nyumba moja, ua mmoja, majiko mawili. Abbasi kamzaa yeye, sikatai. Lakini uzazi ule ulimlaza kitandani hajijui, na mimi nilikuwa na mwanangu kifuani. Nikampa Abbasi ziwa la pili mpaka akaota meno. Kwa dini yetu huyo ni mwanangu.

Abbasi akawa askari. Mwaka huu wamepelekwa Kongo, kulisaidia jeshi la serikali ya kule kuuteka mji walikojichimbia waasi. Tangu hapo Salma kawa malkia wa mtaa. Lalita wa duka la vitambaa anavuka barabara kumletea chai ya maziwa. "Pole, mama askari." Mimi napitwa kama kigoda.

"Bi mkubwa, njoo umwombee mwanangu," Salma ananiita kutoka mkekani.

"Mwanao? Ulimnyonyesha lini?"

Redio ikasema vita vimefika mlimani, juu ya mji wenyewe. Simu ya Abbasi haipatikani. Salma akaweka nadhiri mbele ya wanawake: akisalimika, Ijumaa atapika wali wa nazi, watu wale. Mimi nikaingia ndani. Chumbani nikaweka yangu: wali huohuo, sufuria kubwa kuliko lake.

Mji ukatekwa, waasi wakakimbilia msituni. Kesho yake Abbasi akapiga, yu hai, risasi imemparuza bega tu. Kampigia nani? Salma. Moyo ulishukuru, roho ikaniuma.

Ijumaa moto ukawaka pande zote mbili za ua. Watu walimiminika, mpaka wauza mitumba wa Mchikichini. Salma akaongeza mchele, tui likampungukia. Akaja na upawa mkononi.

"Bi mkubwa, nisitiri. Nazi moja tu."

"Abbasi mtoto wa nani?"

"Jamani, wali unaungua!"

"Uungue. Waambie hawa, mtoto wa nani."

Akawatazama watu, akanitazama mimi, jasho linamtoka.

"Wetu," akasema.

Wetu! Nikachukua nazi, nikaivunja. Nusu nikampa. Nusu ya pili nikakalia mbuzi, nikaikuna mwenyewe kwa sufuria langu.