Mjuzi wa Koo za Mbuzi wa Katito

Kwa miaka ishirini na minane hapakuwa na mbuzi wa maziwa aliyepandishwa Katito kabla Ondiek hajaulizwa. Koo zote alikuwa nazo kichwani: nani kamzaa nani, beberu gani ni mjomba wa nani. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole, na hadi atoe jibu ameshamaliza vikombe viwili vya chai. Watu walimngoja, na kungojwa huko ndiko kulikomnogea.

Kisha akaja Lorine, binti wa juzi tu, na kompyuta yake. Chama cha wafugaji kilimpa madaftari ya mbuzi mia sita. Akawapanga wazazi kwanza, watoto baadaye, ili mashine impitie kila mbuzi mara moja tu, isirudi kwa mababu kila inapoulizwa. Udugu wa wote mia sita ukatoka Ondiek hajamaliza hata kikombe cha kwanza. Watu wakapiga makofi. Wivu ulimkaba Ondiek. Alimchukia binti wa watu hata kwa adabu yake.

"Mama Benta," Lorine akasema, "mbuzi yako ipelekwe kwa beberu ya Zadock. Hakuna undugu hata kidogo."

Benta alikuwa mjane, na mbuzi wake ni huyo mmoja. Ondiek, aliyeketi kando yake, alijua yasiyoandikwa madaftarini. Huko mtu huweka baadhi ya mifugo yake kwa rafiki, majirani wasijue ana wangapi. Beberu aliandikwa wa Zadock, lakini alikuwa wa rafiki yake, marehemu mume wa Benta, tumbo moja na mbuzi huyo wa Benta. Benta mwenyewe aliambiwa na mumewe kwamba beberu huyo ameuzwa. Acha mashine iaibike, Ondiek akajisemea, akanywa chai yake.

Miezi mitano baadaye mbuzi wa Benta alizaa wawili, miguu imepinda. Wote wakafa siku hiyohiyo.

Lorine akaenda kwa Ondiek, Benta nyuma yake. "Baba, mimi imenishinda. Hii beberu ilitoka wapi?"

Ondiek kaulizwa tena! Akaketi vizuri, uso ukimng'aa, akamwaga yote: mama wa beberu, baba yake, siku aliyohamishwa, mpaka rangi ya kamba aliyofungwa.

Benta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ulikuwa unajua, Mzee," akasema. "Na siku niliambiwa niipeleke kwa Zadock, ulikuwa umekaa hapo karibu na mimi."