Wazee Wasio na Matarajio

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nimejenga nyumba ya bati kwa mikono yangu, nina zizi lisilopungua ng'ombe, na sijawahi kumwomba mtu chumvi. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilidanganya umri wangu kwa ujinga. Nilidanganya kwa akili timamu.

Miaka hiyo hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma ilitafuta walinzi wasiozidi miaka arobaini. Mimi nilikuwa na hamsini, lakini nilikuwa namwangusha fahali kwa pembe. Nikasema nina thelathini na mitano. Wakanipa koti, tochi na filimbi. Waandikishaji wa wapiga kura walipopita, nikataja umri ule ule ili kadi isije kunichongea kwa bosi. Kazi niliiacha zamani. Miaka yangu kumi na mitano ikabaki huko huko.

Sikuikumbuka mpaka baada ya uchaguzi huu wa Rais. Matokeo yalipotoka walifika kwetu Kisaka vijana wawili wa chuo, binti na mvulana, wana vishikwambi. Walitaka kujua waliopiga kura huku ni watu wa umri gani, na kila umri unatarajia nini kwa Rais. Nikasema afadhali. Josho letu la kuogeshea ng'ombe limekauka, kupe wananenepa kuliko ng'ombe, na wa kulisema hilo kwanza ni mimi. Kwetu kwenye kikao husema kwanza aliyetangulia kutahiriwa, na katika wazee wa kijiji waliobaki hakuna aliyenitangulia.

Tuliitwa kwenye darasa la shule ya msingi. Ukutani walibandika karatasi tatu: Vijana, Watu Wazima, Wazee. Wazee, kuanzia miaka sitini, waliwekewa viti vya plastiki mbele. Binti alisimama mlangoni akikagua kadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaisoma kadi, akanitazama mvi, akaisoma tena. "Miaka hamsini na minne. Baba, wewe ni kule kwenye madawati, kwa watu wazima."

"Si umeniita mzee sasa hivi?"

"Ile ilikuwa heshima, baba. Hii ni takwimu."

Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Nimembeba mgongoni huyo. Siku anatahiriwa nilisimama karibu yake nikimkemea asipepese macho. Kadi yake ni ya kweli, sitini na sita, naye akaelekezwa kiti cha mbele kabisa. Akanipita akiegemea fimbo ambayo jana hakuwa anaihitaji.

"Pisha, mura," akaniambia. Mura ni kijana. Aliniita mimi kijana, mbele ya watu.

Kwenye madawati nako balaa. Alikaa mke wa mwanangu mkubwa. Baba mkwe na mkwe kwetu hawakai pamoja; wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Aliponiona alijifunika khanga usoni, na wanawake wote wa safu ile wakahama kama kondoo waliosikia fisi. Nikabaki peke yangu kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu.

Vijana walianza. Wengi wao wametoka kubahatisha dhahabu kule Nyamongo, wakataka ajira na leseni za kuchimba. Kundi langu, yaani wanawake, wakataka wodi ya kujifungulia. Mimi josho nikalibakiza mdomoni. Sikuwa tayari kusemea dawati.

Binti akageukia viti vya plastiki. "Mzee wangu, tuanze na wewe."

Mdogo wangu akatazama bati. Kukalia kiti changu aliweza. Kusema kabla yangu, mdomo ulikataa.

"Siwezi. Mkubwa hajasema."

"Mkubwa ni wewe. Una sitini na sita."

"Mkubwa ni yule," akaninyooshea fimbo. Wenzake wanne nao wakaninyooshea fimbo zao.

"Yule yuko kundi la watu wazima," mvulana akasema.

"Basi tutamsubiri akue."

Darasa zima likacheka. Binti akawabembeleza wazee mmoja mmoja, wapi! Mwisho akachoka, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti: "Kundi la wazee. Hawana matarajio."

Hapo nikaumia. Ng'ombe wanakufa kwa kupe, halafu Rais aambiwe wazee wa Kisaka hawataki kitu? Na ni kwa sababu ya filimbi ya hoteli?

Nikasimama, dawati likasimama na mimi. "Futa hiyo! Nilidanganya umri." Nikaeleza yote, hoteli, koti, mpaka tochi. Walicheka mpaka vumbi likapanda, na aliyecheka zaidi alikuwa ndani ya khanga. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti ya mkwe wangu. Nikawangoja wamalize, kisha nikalisema josho. Wale watano wakaitikia kwa pamoja, "Ni hilo hilo!"

Binti akakuna kichwa. "Nimekuelewa, baba. Ila mashine inafuata kadi. Maneno haya nitamwandikia mzee wa mbele."

Kwa hiyo josho langu lilikwenda kwa jina la mdogo wangu. Sasa hivi kila penye pombe anasimulia jinsi alivyomwambia Rais.

Nikaenda ofisi ya uandikishaji kudai miaka yangu. Karani akaniambia nilete shahidi anayenizidi umri, aape kuwa anakumbuka nilivyozaliwa. Walioniona nikizaliwa wote tumeshawazika. Kwa karatasi, katika ukoo wetu aliye hai na kunizidi ni mmoja tu.

Nilimkuta mdogo wangu anapukuchua mahindi.

"Unataka niape kwamba nilikuona ukizaliwa?"

"Ndiyo."

Akaweka gunzi chini. Sijawahi kumwona ana furaha vile, hata siku ya harusi yake.

"Sawa. Kwanza niamkie."

"Nikuamkie nini?"

"Shikamoo. Mimi si ndiye mkubwa?"

Nilichukua fimbo yangu nikaondoka. Kwa hiyo bado nina hamsini na minne. Uchaguzi ujao nitakuwa na hamsini na tisa, dawati lile lile. Ule utakaofuata nitakalia kiti cha plastiki bila kumwamkia mtu. Mdogo wangu alisema watanisubiri nikue. Wasubiri. Nakua.