Pikipiki ya Mzee Kitsao

Ngowa wa Kitsao hakuwa mtu wa kujisifu, na hilo ndilo lililomponza. Wakati wa vita alikuwa fundi wa pikipiki ya sajini mmoja Mzungu kule Changamwe. Chombo chenyewe kilikuwa cha mashindano tu: Jumapili wanajeshi wakikizungusha uwanjani, vumbi likitimka, watu wakipiga kelele. Hakikuwa na taa wala honi, na namba ya barabarani hakikupata kuiona. Ya nini? Uwanjani hakuna askari wa barabara.

Vita vilipokwisha, sajini akarudi kwao. Alimwachia Ngowa ile pikipiki kwa kuwa aliitunza vizuri, pamoja na karatasi isemayo kwamba atakayeileta ndiye mwenye chombo. Mwoka mikate mmoja aliposikia akamwambia, "Itie namba, nikupe kazi ya kupeleka mikate Miritini na Mazeras." Ngowa, aliyekuwa kibarua wa leo upo kesho hupo, akaona riziki imebisha hodi. Mkewe Nyevu alikuwa amechoka kuwapikia watoto mihogo mitupu.

Lakini kuisajili, lo! Karani alimrudisha kwa kukosa taa. Akatia taa. Akarudishwa kwa kukosa honi. Akatafuta honi ya mpira, ile ya kubinya, akaifunga kwa waya. Akarudishwa kwa ajili ya breki. Halafu mkaguzi akauliza mbona chombo kikuukuu namna hii hakijawahi kuwa na namba, isije ikawa ni cha wizi. Ngowa akaeleza upya habari za uwanja, kwa upole, kofia mkononi. Mimi ningalimtukana mtu. Yeye akaenda akarudi, akaenda akarudi, hadi siku karani alipochovya kalamu na kuuliza, "Hii ni mali ya nani?"

Sasa nyinyi mliolelewa mnajua. Mgiriama ambaye baba yake yu hai hasemi "yangu". Kuku ni wa baba, jembe ni la baba, hata shati ulilovaa, mgeni akiuliza, ni la baba. Ni heshima tu, na kila mtu anaelewa jembe ni la nani hasa. Kila mtu isipokuwa karani.

"Ni ya baba," akasema Ngowa. "Kitsao wa Nzai."

Karani akaandika, akagonga muhuri.

Nyevu aliposomewa ile hati alishika kichwa. "Baba Kafedha, umefanya nini? Rudi kesho waibadilishe!"

"Nitarudi na baba, atie kidole, mambo yaishe."

Lakini mzee Kitsao alikuwa amebeba magunia bandarini umri wake wote, na jina lake halikuwahi kuandikwa popote ila penye kodi. Alipoonyeshwa hati aliomba asomewe tena, akapitisha kidole juu ya wino. "Mwanangu, huyu ni mimi?" Akalia, maskini ya Mungu. Akaifunga katika kitambaa, akaiweka chini ya mto, na kila jirani aliyepita alimwita, "Karibu uone pikipiki yangu."

Ngowa angemnyang'anya vipi? Akasema ngoja kwanza. Nyevu akanuna, kisha akanyamaza, maana mikate ilipelekwa na nyumbani watoto walianza kunywa chai kwa mkate.

Mzee akafa wakati wa masika. Matanga yalipoanuliwa, akatokea mdogo wake Garama kutoka Mtongwe, mtu ambaye hata Krismasi haonekani. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akataka hati.

"Baba mdogo," akasema Ngowa, "pikipiki nilipewa mimi. Jasho ni langu."

"Kwa serikali ulisema ni ya nani?"

"Ya baba."

"Basi baba yako sasa ni mimi."

Wazee wakatazama chini. Mmoja wao akauliza taratibu, "Ngowa, unataka kutuambia haikuwa ya marehemu?"

Aseme, kaburi bado bichi, kwamba mzee alikufa akijivunia kitu kisicho chake? Akaingia ndani, akaileta hati katika kitambaa chake, akamkabidhi Garama. Nyevu akatoka nje akilia kwa sauti, asijali nani anamsikia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Ngowa ilikuwa na daftari, muhuri na namba, na ikapotea watu wakitazama.

Garama akaja na mnunuzi. Wakapiga teke, wakapiga teke, wakahema, na pikipiki ikakaa kimya. Ikabidi Ngowa aitwe. Akafungua mafuta, akangoja kidogo, akapiga teke moja, ikanguruma.

Mnunuzi akacheka kwa furaha. "Kweli unaijua! Kumbe ilikuwa yako?"

Ngowa akafuta mikono kwenye suruali.

"Hapana, bwana," akasema. "Ya baba."